Ashuru si Shamu: tunayoyakosea kuhusu Israeli na dola zilizoikaba koo

Mfalme aliyeshinda vita katika Mashariki ya Kale alirudi nyumbani na mateka, dhahabu, na miungu. Sanamu za mji ulioanguka zilipakiwa pamoja na ngawira nyingine, zikapelekwa mji mkuu wa mshindi, ili kila mtu ajionee nani kaachwa na mungu wake. Sargoni wa Ashuru, alipojisifu kwa kuiangusha Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, aliitaja katika ngawira hata miungu ambayo watu wa mji huo waliitumainia. Basi jeshi la dola lilipopiga kambi nje ya ukuta, Mwisraeli alikuwa na hofu mbili: kwamba atakufa, na kwamba Mungu wake naye atapakiwa.

Namna walivyoijibu hofu hiyo ya pili ndiyo sehemu kubwa ya vitabu vya manabii. Lakini katika mafundisho ya vijana, kwenye vikundi vya Biblia na katika jumbe tunazosambaziana kwenye simu, habari hiyo husimuliwa kwa namna ambayo Yeremia angeisikia akakuna kichwa. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi.

"Ashuru ndiyo Shamu"

Hili ni kosa letu sisi wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu majina yanakaribiana masikioni. Shamu ya Biblia yetu ni Aramu, nchi ya Naamani, mji wake mkuu Dameski. Ashuru ni dola iliyokuwa kaskazini mwa Iraki ya leo, kando ya Mto Hidekeli. Ninawi, mji wake maarufu, ulikuwa ng'ambo ya mto kutoka Mosul ya kale.

Si suala la jiografia tu. Fungua Isaya 7. Mwaka 734 KK au karibu na hapo, Shamu na Israeli ya kaskazini (Efraimu) waliungana kumpiga Ahazi wa Yuda. Isaya akamwambia Ahazi atulie, akampa ishara ya mtoto Emanueli. Ahazi hakutulia. Alichota fedha na dhahabu za hekalu akampelekea Tiglath-pileseri wa Ashuru, akijiita mtumwa wake na mwana wake. Ashuru akaja kweli, akaimaliza Dameski mwaka 732, akamega Galilaya na Gileadi, na Yuda ikawa kibaraka wake. Yaani simba aliitwa zizini na mwenye zizi. Ukidhani Shamu na Ashuru ni kitu kimoja, sura nzima inageuka fumbo: inaonekana Ahazi anaomba msaada kwa yule yule anayempiga.

"Dola zilikuja kuipiga vita imani ya Israeli"

Zilikuja kwa sababu ya barabara. Kanaani ni ukanda mwembamba kati ya bahari na jangwa, na kila aliyetaka kutoka Misri kwenda Mesopotamia, au kurudi, alipita hapo. Jina la Israeli linapoonekana kwa mara ya kwanza nje ya Biblia, kwenye jiwe la Farao Merneptah la mwaka 1208 KK hivi, limo katika orodha ya waliopigwa njiani: Israeli imeharibiwa, mbegu yake haipo tena. (Farao aliharakisha kidogo.) Mwaka 853 KK, Ahabu, mfalme wa Israeli, alikuwa vitani Karkar pamoja na wafalme wenzake wakiizuia Ashuru. Jiwe la Shalmaneseri wa Tatu linampa magari 2,000 na askari wa miguu 10,000, vita ambavyo Biblia haivitaji hata kwa mstari mmoja. Miaka michache baadaye jiwe jingine jeusi linaonyesha Yehu wa Israeli, au mjumbe wake, akisujudu kifudifudi mbele ya mfalme huyo huyo. Menahemu, mfalme mwingine wa Israeli, naye aliilipa Ashuru talanta 1,000 za fedha kwa kuwakamua matajiri wake shekeli hamsini hamsini.

Kodi, mbao, farasi, njia ya kufikia Misri: hayo ndiyo waliyoyataka. Uliabudu nani nyumbani kwako halikuwa jambo la kumkosesha usingizi mfalme wa Ashuru, alimradi mzigo wa fedha umefika kwa wakati. Mtawala wa kwanza tunayemjua aliyeishambulia dini yenyewe ni Antiochus wa Nne, Myunani wa Siria, mwaka 167 KK: alipiga marufuku tohara na Sabato, na madhabahu ya hekalu ikanajisiwa. Huyo ametokea zaidi ya karne tano na nusu baada ya Samaria kuanguka. Hekalu lilitakaswa mwaka 164, na ile Sikukuu ya Kutabaruku inayotajwa katika Yohana 10 ndiyo kumbukumbu yake.

"Makabila kumi yalipotea, hayajulikani yalipo"

Sargoni anadai aliwahamisha watu 27,290 kutoka Samaria, baada ya mji kuanguka mwaka 722 au 721 KK. Ni wengi, ila si taifa zima. Wengi walibaki mashambani, na wengine walikimbilia kusini: Yerusalemu ilipanuka ghafla kuelekea kilima cha magharibi katika miaka hiyo, ikabidi ukuta mpya ujengwe. Mambo ya Nyakati yenyewe inamwonyesha Hezekia akiwaalika kwenye Pasaka watu wa Efraimu na Manase waliosalia. Wasamaria, ambao hadi leo wachache wao wanaishi mlimani Gerizimu, hudai kutokana na waliobaki. Na katika Luka 2, bibi mzee aliyemwona mtoto Yesu hekaluni, Ana binti Fanueli, anatajwa kuwa wa kabila la Asheri, moja ya hayo "yaliyopotea."

Kwa hiyo jamaa anapoleta ramani inayoonyesha kabila la Dani likipita Uingereza au likifika ziwa fulani la Afrika, mwombe aanze na huyo bibi. Na tusiwasingizie Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, Uganda. Wao hawajawahi kuhitaji kabila lililopotea. Semei Kakungulu, jemadari aliyesoma Biblia akaikubali Torati, alitahiriwa mwaka 1919 na watu wake wakamfuata.

"Zamani za Hezekia, Yuda haikuguswa"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mengi yalipoharibikia.

Mahubiri huanzia usiku ule malaika alipowapiga watu 185,000 katika kambi ya Ashuru, yakaishia hapo hapo, watu wakapiga makofi. Lakini rudi nyuma hadi 2 Wafalme 18, mistari ya 14 hadi 16. Hezekia anamtumia Senakeribu, mfalme wa Ashuru, ujumbe kule Lakishi, mji wa Yuda: nimekosa, ondoka kwangu, utakachonitoza nitalipa. Akalipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, akabandua hata dhahabu ya milango ya hekalu.

Senakeribu naye ameacha hesabu yake kwenye udongo uliochomwa, kwa mwandiko wa kabari. Anasema mwaka ule, 701 KK, aliteka miji 46 yenye ngome, akatoa watu 200,150 (wafalme wa Ashuru hawakuona haya kuzidisha), na akamfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu "kama ndege tunduni." Dhahabu anayoitaja ni talanta 30, sawasawa na Biblia. Fedha anasema 800. Kuhusu kuuteka mji wenyewe, kimya. Mtu anayeorodhesha kila ukuta alioubomoa anaufikia ukuta wa Yerusalemu na kubadilisha mazungumzo. Na alipotaka kupamba jumba lake la Ninawi, aliichora Lakishi badala ya Yerusalemu: boma la udongo la kupandia ukuta, familia zikitoka na mizigo juu ya mikokoteni ya ng'ombe, wanaume wakichunwa ngozi. Michoro hiyo iko London leo, katika Makumbusho ya Uingereza.

Basi yote mawili ni kweli. Yerusalemu ilipona, na Yuda ilifyekwa. Mama wa Lakishi aliyekuwa juu ya mkokoteni ule hakuwa na wimbo wa wokovu wa kuimba.

Na kuna hotuba ya amiri wa Ashuru chini ya ukuta. Wakuu wa Hezekia walimwomba aseme Kiaramu, lugha ya wanadiplomasia, watu walio ukutani wasielewe. Akakataa, akapaza sauti kwa Kiyahudi. Akauliza: miungu ya Hamathi iko wapi? Ya Arpadi? Je, iliiokoa Samaria? Naye alikuwa ameshatupa, hata kabla ya ombi lile, neno lililouma zaidi: BWANA wenu mwenyewe ndiye aliyeniambia nipande juu ya nchi hii niiharibu.

Tunamsoma kama mkufuru tu. Ila fungua Isaya 10 uone Mungu anavyoiita Ashuru: fimbo ya hasira yangu. Amiri na nabii wanakubaliana nusu ya kwanza! Wanapoachana ni nusu ya pili. Isaya anauliza kama shoka linaweza kujisifu juu ya mtu anayelitumia kukata, na anasema fimbo yenyewe itaadhibiwa kwa kiburi chake. Huo ndio ujanja wa kiimani uliowavusha: dola ikaondolewa kwenye kiti cha miungu wakuu, ikawekwa kwenye kibanda cha zana.

Kupona kwa mwaka 701 kukaleta ugonjwa mwingine. Watu walianza kuamini kwamba Sayuni haiwezi kuanguka kamwe. Mika alikuwa ametabiri kinyume, kwamba Sayuni italimwa kama shamba, na kwa mujibu wa Yeremia 26 ni kwa sababu Hezekia aliogopa na kumsihi BWANA ndipo mji ukaachwa. Karne moja baadaye sharti limesahaulika, imebaki dhamana. Yeremia anasimama mlangoni pa hekalu akiwakuta watu wanakariri "Hekalu la BWANA, hekalu la BWANA, hekalu la BWANA," anawaambia waende Shilo wakaone mahali pa ibada palivyogeuka magofu. Nusura wamuue.

"Waisraeli pekee ndio waliosema kushindwa ni hasira ya Mungu"

Mesha, mfalme wa Moabu, aliandika kwenye jiwe lake katika karne ya 9 KK kwamba Omri wa Israeli aliitesa Moabu siku nyingi kwa sababu Kemoshi, mungu wa Moabu, aliikasirikia nchi yake. Ni maneno ambayo mwandishi wa Waamuzi angeweza kuyaandika kwa kubadilisha jina tu. Wazo lenyewe lilikuwa la ukanda mzima. Lakini Kemoshi hatumsikii akidai kwamba mfalme wa Ashuru ni mtumishi wake. Yeremia anasema hivyo kuhusu Nebukadreza, mfalme wa Babeli, waziwazi, tena mara tatu: "mtumishi wangu." Kwa Myuda aliyekuwa amezingirwa, hilo lilisikika kama usaliti, na Yeremia alitupwa shimoni kwa ajili yake.

"Taifa likipigwa limekosa, likistawi limebarikiwa"

Ingekuwa rahisi hivyo, kitabu cha Wafalme kingekuwa kifupi. Mfalme mbaya kuliko wote katika kitabu hicho, Manase, ndiye aliyetawala muda mrefu kuliko wote, miaka 55, na kwa amani. Kumbukumbu za Ashuru zinaonyesha sababu: Esar-hadoni anamtaja katika orodha ya wafalme waliompelekea vifaa vya ujenzi Ninawi. Alikuwa kibaraka mtiifu. Mfalme mwema kuliko wote, Yosia, aliyesafisha hekalu na kurudisha sheria, aliuawa Megido mwaka 609 KK na Farao Neko, ambaye wala hakuwa akija kumpiga yeye. Alikuwa anapita kwenda kuisaidia Ashuru iliyokuwa inakata roho.

Waandishi wa Biblia waliliona tatizo hili, na hawakulitatua kwa namna moja. Wafalme inasema dhambi za Manase ndizo zilizoiponza Yuda, hata wema wa Yosia haukuzifuta. Mambo ya Nyakati inasimulia kwamba Manase alifungwa pingu akapelekwa Babeli, akatubu. Na kwamba Yosia alikufa kwa kutosikiliza maneno ya Mungu yaliyotoka kinywani mwa Neko. Majibu mawili tofauti, yamewekwa katika maktaba moja.

Na kuna jibu la tatu, ambalo ndilo ninalolipenda, ingawa sijawahi kulisikia likihubiriwa. Zaburi 44 inaorodhesha kipigo chote: tumeuzwa bure, tumekuwa kama kondoo wa kuchinjwa, tunachekwa na jirani. Kisha inasema: haya yote yametupata, lakini hatukukusahau wala hatukulivunja agano lako. Halafu inamwambia Mungu aamke, mbona analala? Hakuna toba katika zaburi hiyo. Ni malalamiko, na yaliimbwa hekaluni.

Tukiwa bado na Manase: mwaka 672 KK Esar-hadoni aliwaapisha watu wa dola yake wawe waaminifu kwa mwanawe Ashurbanipal. Mabamba ya kiapo hicho yalifukuliwa Nimrud mwaka 1955. Yanawataka wampende mrithi kama nafsi zao, na yanawatishia waasi kwa mbingu ya shaba na ardhi ya chuma. Msomaji wa Kumbukumbu la Torati ameshashtuka: mpende BWANA kwa moyo wako wote, na laana za sura ya 28 zenye mbingu hiyo hiyo ya shaba na nchi ya chuma. Wasomi wengi huona hapa watu waliolishwa kiapo cha dola, wakayageuza maneno yake na kuyaelekeza kwa Mungu. Mimi nalikubali wazo hilo. Kama utii wa moyo wote umeshaapwa kwa mwingine, mfalme wa Ninawi anabaki na kodi tu.

"Kule Babeli walikuwa watumwa wa minyororo, na Yuda ikabaki tupu"

Msomaji wa pwani akisikia "mateka" huona msafara wa Bagamoyo. Uhamisho wa Babeli ulikuwa wa namna nyingine. Nebukadreza alichukua kwanza mfalme, wakuu, mafundi na wahunzi, mwaka 597 KK; mji na hekalu viliteketezwa baadaye, 587 au 586. Yeremia 52 inahesabu waliohamishwa kwa mikupuo mitatu: 3,023, kisha 832, kisha 745. Jumla 4,600. Wafalme inataja elfu kumi kwa mkupuo wa kwanza pekee. Kwa hesabu yoyote ile, maskini waliachwa walime mizabibu, na makao ya utawala yakawa Mispa chini ya Gedalia.

Huko Babeli, mabamba ya stoo ya mfalme yanataja mafuta aliyogawiwa Yehoyakini, "mfalme wa Yuda," na wanawe. Mabamba mengine yanaonyesha Wayuda wakilima, wakikopeshana na kulipa kodi katika kijiji kilichoitwa kwa jina la kwao, Mji wa Yuda. Waliufuata, kwa maneno mengine, waraka wa Yeremia 29: jengeni nyumba, pandeni bustani, utakieni amani mji mliohamishiwa.

Hili lilikuwa na mpinzani. Nabii Hanania alisema utumwa utaisha kwa miaka miwili. Yeremia akasema "Amina, na iwe hivyo." Hanania akamvua nira ya mti aliyoivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja mbele ya umati, na Yeremia akaenda zake. Aliporudi alikuwa na neno la nira ya chuma. Wote wawili walisema kwa jina la BWANA, wote walipenda nchi yao. Aliyekuwa hekaluni siku ile hakuwa na njia rahisi ya kujua nani mkweli. Na Zaburi 137, yenye laana yake ya kutisha juu ya watoto wa Babeli, inaonyesha kwamba si kila aliyehamishwa aliitakia Babeli amani.

"Koreshi alimwabudu Mungu wa Israeli"

Silinda ya udongo ya Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyeiteka Babeli, iliyofukuliwa huko mwaka 1879, inamshukuru Marduk, mungu wa Babeli, kwa kumchagua. Yuda haitajwi ndani yake, wala Yerusalemu. Isaya 45 inalijua hilo, ndiyo maana inamwita masihi wa BWANA na papo hapo kumwambia, tena mara mbili, kwamba hakumjua aliyemwita. Wala ile silinda si tamko la haki za binadamu, japo nakala yake imewekwa Umoja wa Mataifa.

Anachosema Koreshi pale ni kwamba amerudisha sanamu za miungu katika mahekalu yao. Wayuda hawakuwa na sanamu ya kurudishiwa. Ezra 1 inasema walirudishiwa vyombo: visahani, vikombe, 5,400 kwa jumla. Wengi hawakurudi navyo, walibaki Babeli na jamii yao ikadumu huko karne nyingi. Na waliorudi hawakujiita huru. Katika Nehemia 9, chini ya Waajemi waliowafadhili hekalu, wanaomba hivi: sisi ni watumwa leo, katika nchi uliyowapa baba zetu.

"Roma ilivamia tu"

Wamakabayo, ukoo wa Kiyahudi ulioongoza uasi dhidi ya Antiochus, walituma wajumbe Roma mwaka 161 KK kufanya mapatano dhidi ya wafalme wa Siria. Kama Ahazi, walimwita mkubwa wa mbali awafukuzie mkubwa wa karibu. Miaka mia moja hivi baadaye ndugu wawili wa ukoo huo, Hyrcanus na Aristobulus, waligombea kiti, na kila mmoja akamwomba Pompey, jemadari wa Kirumi, amuunge mkono. Pompey alikuja. Mwaka 63 KK aliingia hekaluni mpaka Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo kuhani mkuu alikuwa akiingia mara moja kwa mwaka. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasema hapo ndipo ilipojulikana kwamba ndani hamkuwa na sanamu ya mungu yeyote.

Jemadari mwingine wa Kirumi, Titus, alilichoma hekalu mwaka 70 BK, na tao la ushindi wake bado limesimama Roma. Ukitazama ukuta wake wa ndani utaona askari wakiandamana na ngawira mabegani: kinara cha mataa, meza, tarumbeta. Mungu hayumo kwenye mzigo.